Mstari wa Chaki Ukutani

Kathini, au Mama Mwau kama wengi wanavyomwita, hupenda kuona stoo imejaa. Amelelewa hivyo. Mama yake alizoea kusema kwamba ukiuona ukuta wa ghala, umeiona njaa. Basi alipofungua bekari yake ndogo pale Nunguni, kila alichopata alinunulia unga wa ngano. Mifuko ilipangwa mpaka ikagusa mabati. Mgeni akija, alionyeshwa stoo kwanza, chai baadaye.

Na hamira je? Aa, hamira ni kitu kidogo tu. Ikiisha, itanunuliwa.

Mvua ya Novemba ikanyesha kweli kweli. Udongo uliporomoka, barabara ya kwenda Machakos ikafungwa. Asubuhi hiyo Kathini akafungua kopo la mwisho la hamira, akakuta halina kitu. Alimpigia simu muuzaji wake, yule yule mmoja wa Machakos, akaambiwa gari haliwezi kupanda. Alizunguka soko lote, akaambulia vipakiti viwili vidogo vya hamira ya mandazi. Unga umejaa hadi juu, na mkate hakuna. Aiya, hata wewe ungelia.

Wasichana wa shule ya bweni aliyoiuzia mkate walikunywa chai kavu siku hiyo. Nzisa, mpishi mkuu wa shule, alikuja mwenyewe, gambuti zimejaa matope. Hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza Kathini zaidi.

"Mama Mwau, mimi mkate wako naupenda," alisema. "Lakini mwalimu mkuu amesema hii ikirudia, tutachukua wa Nairobi."

Shule ndiyo iliyokuwa ikibeba bekari. Ikienda, tanuri litazimwa. Kathini aliingia stoo, maskini, akaegemea unga wake akalia. Hapo ndipo alipoona wadudu wakitembea kwenye mifuko ya nyuma. Wanasema akiba haiozi. Labda waliosema hawakuwa na bekari.

Jirani yake Gathoni, anayeuza chakula cha kuku, alisikia kilio akaingia. Alitazama stoo, kisha akauliza polepole kule kwao mahindi mapya yakivunwa hufanywaje. Kathini akajibu kwamba ya zamani huletwa mbele yaliwe kwanza, mapya yanakaa nyuma.

"Sasa hapa mbona umegeuza?"

Kathini akacheka na machozi yake. Alikuwa akipanga mifuko mipya mbele kwa sababu ndiyo iliyopendeza wageni.

Kisha Gathoni akamweleza kuhusu hamira. Mkate unataka vitu vyote pamoja. Kimoja kikikosa, hata kiwe kidogo namna gani, vingine vyote vinalala. Kwa hivyo ajiulize kwa kila kitu: nikiagiza leo, kitafika lini? Stoo iwe na cha kutosha kungoja mpaka kifike, na cha ziada kidogo kwa sababu barabara ni hizi zetu. Tena atafute muuzaji wa pili upande wa mji wa Wote, ili njia moja ikifungwa, nyingine iwepo.

Akachukua chaki, akachora mstari ukutani, pale makopo ya hamira yanapopangwa.

"Makopo yakishuka mpaka hapa, piga simu. Usingoje yaishe."

Kathini alipunguza unga. Pesa zilizobaki akanunulia hamira, chumvi na karatasi za kufungia mkate. Akaenda Wote, akapata muuzaji mwingine.

Aprili, udongo ukaporomoka tena pale pale. Alfajiri Nzisa akapiga simu, sauti imejaa wasiwasi. Mwalimu mkuu alikuwa ameamua kujaribu mkate wa Nairobi wiki hiyo, na gari la kuuleta limekwama kule chini. Aliuliza kwa aibu kama bekari ina chochote.

"Tuma watu," Kathini akasema. "Mkate unatoka kwa tanuri sasa hivi."

Wasichana walikula mkate ungali moto. Kufikia saa nne mwalimu mkuu alikuwa amefika bekari, kofia mkononi, kuagiza mkate wa muhula mzima.

Alipoondoka, Kathini aliingia stoo. Siku hizi ukuta unaonekana, na njaa haipo. Alisikiliza mvua ikipiga mabati. Akaufuta mstari wa hamira kwa kiganja, akachora mwingine juu kidogo, ili sasa apige simu mapema zaidi.