Kelele za Mabomba ya Mzee Toktosun

Kila siku akitoka shule, Aizirek alikuwa na kazi zake: kutoa majivu kwenye boila inayopasha nyumba joto, kutia makaa ya mawe, kisha kupiga deki nyumba nzima. Hiyo deki ndiyo aliyoichukia. Maji yake yalipaswa kuchemshwa jikoni, na birika la kwao lilichelewa kuchemka mno. Wakati huo wenzake walikuwa tayari nyuma ya shule wakiteleza kwenye barafu, na vicheko vyao alivisikia mpaka ndani.

Basi akagundua njia ya mkato. Chini ya kila dirisha palikuwa na rejeta, sanduku la chuma lenye maji ya moto ya kupasha nyumba joto. Rejeta ya chumba cha nyuma ilikuwa na koki ndogo kwa chini. Ukiifungua tu, ndoo hiyo imejaa! Baba yake, Mederbek, alikuwa ameshaonya, "Maji ya humo hayachotwi. Hata kikombe." Lakini baba alikuwa mlimani na kondoo tangu theluji ianze, na mama, Zuura, alikuwa na mtoto mchanga mikononi. Ndoo moja leo, nyingine kesho, nani angejua?

Mabomba yalijua. Yalianza kwa kukoroma taratibu, kama mzee aliyesinzia baada ya kula. Baadaye yakaanza kugonga. Ko! Ko! Ko! Vikombe vikatetemeka kabatini, na mtoto akashtuka akaangua kilio. Chumba cha nyuma kikawa baridi hata maji ya kunywa yakaganda kwenye gilasi, na Zuura akahamia jikoni na mwanawe. Aizirek aliingiwa na hofu. Aliacha kuchota, lakini hakumwambia mtu.

Baba alirudi Jumamosi. Kesho yake mtoto angetimiza arobaini na kuogeshwa maji ya vijiko arobaini mbele ya ndugu wote, kama ilivyo desturi. Mederbek hakuwahi hata kuvua viatu. Ko! Ko! Ko!

"Ni nini hiki?" akauliza, ameduwaa. "Huyu mzee kanifungia mabomba gani? Bila shaka kaacha kipande cha chuma ndani, maji hayapiti! Mtoto wangu ataogeshwa kwenye baridi hii?"

Mzee aliyetajwa alikuwa Toktosun, fundi wa kuchomelea vyuma. Mabomba ya karibu kila nyumba kijijini pale aliyachomelea yeye, na hakuna aliyekumbuka kiungo chake hata kimoja kilichovuja. Alipoitwa alikuja mara moja, barafu imeganda kwenye sharubu.

"Mzee, umeniharibia nyumba!" Mederbek akamlaki hivyo hivyo, bila hata salamu.

"Na wewe hujambo," mzee akajibu. "Zuura, mama, niazime mwiko. Ule mrefu wa mbao."

Hakufungua chochote. Alipita polepole, akigusa kila rejeta kwa mgongo wa kiganja. Bomba linalotoka kwenye boila lilikuwa la moto vibaya sana, lakini rejeta ya nyuma ilikuwa baridi kabisa. Akaweka ncha moja ya mwiko kwenye bomba, nyingine sikioni, akafumba macho.

"We binti, njoo. Masikio yako ni mapya kuliko yangu."

Aizirek akasogea kwa woga, akaweka sikio. Lo! Ndani ya boila maji yalikuwa yakitokota na kupasuka, yakisikika karibu kana kwamba yamo kichwani mwake. Kisha mzee akampeleka chumba cha nyuma.

"Humu kimya, babu."

"Kimya kabisa?"

"Kabisa."

"Basi maji yamesimama. Unajua huwa yanatembea? Yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda mpaka kwenye tangi darini. Yakipoa yanakuwa mazito, yanashuka kupitia kwenye rejeta zote na kurudi kwenye boila. Hakuna anayeyasukuma. Yanazunguka hivyo usiku na mchana, wewe umelala. Sasa njia imekatika, yamebaki motoni yanachemka, na mvuke ndio unaopiga hayo mabomba."

Aizirek alitazama kuta kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza. Miaka yote ameishi katikati ya mzunguko ule, na hakuwahi kuwaza.

Wakapanda darini. Tangi lilikuwa tupu.

"Haiwezekani!" Mederbek akasema. "Nililijaza mwenyewe kabla ya theluji!"

Mzee alishuka, akapapasa kiungo kimoja baada ya kingine. Vyote vikavu. Lilibaki bomba moja tu asiloweza kuliona, lililopita chini ya sakafu mpya ya mbao. Hapo akavua kofia yake.

"Basi ni mimi, Mederbek. Kiungo cha humu chini kinavuja. Mkono wangu umezeeka, nami sikutaka kukubali. Lete mtaimbo tung'oe mbao. Nitatengeneza, kisha ile mashine yangu ya kuchomelea nitampa kijana mwingine. Unisamehe kwa ajili ya mtoto wako."

Mederbek, aliyekuwa akifoka, akaenda kuuleta mtaimbo, kichwa chini.

Aizirek alimkodolea macho yule mzee. Hakuna aliyemlazimisha! Hata kiungo chenyewe hakijaonekana, naye ameshajitwisha kosa mbele ya watu, mikono yake iliyojaa makovu ya moto ikiishika kofia. Akajiona mdogo sana. Mtaimbo ulipoingizwa kwenye ubao wa kwanza, machozi yakamtoka.

"Babu, using'oe! Hakivuji! Ni mimi nimeyachota maji. Nilikuwa nayapigia deki ili niwahi kucheza."

Mtaimbo ukaachwa ubaoni. Hata mabomba yalikuwa kama yanasikiliza.

"Ndoo ngapi?" baba akauliza.

"Sijui, baba. Nyingi."

Mederbek akafungua mdomo kufoka, lakini mzee alishakaa chini anacheka, huku akirudisha kofia kichwani. "Ahsante, mjukuu wangu! Maana hapa nilikuwa nimeshajizika mwenyewe."

"Mzee wangu, nisamehe," Mederbek akasema. "Nilikutukana bure." Kisha akakamata ndoo ya maji, akaelekea darini.

"We! We! Maji baridi kwenye chuma cha moto? Unataka boila ipasuke?"

Ikabidi moto utolewe wote, wakanywa chai wakiwa wamevaa makoti huku chuma kikipoa. Kisha Aizirek akaanza safari za ndoo: bomba la mtaani, ngazi, dari, na kurudi. Wenzake walipita wakamwona juu ya ngazi.

"Aizirek, umehamia darini na paka?"

Mabega yalimwaka, naye alipanda tena. Mzee akafungua vikoki vya juu vya rejeta kutoa hewa. Vikafoka, vikatema mate, kisha vikatoa maji matupu. Ndipo moto ukawashwa upya.

"Haya, chukua mwiko," mzee akasema.

Aizirek akauweka kwenye rejeta ya nyuma, akafumba macho. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha, kwa mbali, ssss, kama mtu anayetembea pekupeku majanini. Sauti ikasogea, ikamfikia, ikapita. Kiganja chake kikaanza kupata joto.

"Yanakuja," akanong'ona, mwili umemsisimka. "Babu, yanatembea!"

Kesho yake ndugu walijaa, nyumba ina joto la kuvua makoti. Mtoto akaogeshwa kijiko kwa kijiko, na maji yake Aizirek alikuwa ameyachemsha mwenyewe kwa birika, amesimama kando yake mpaka likachemka. Mzee Toktosun alimwita akaketi karibu naye.

"Unayasikia mabomba?"

"Hapana, babu. Yamenyamaza."

"Yamenyamaza kwa sababu hayana shida. Yalipokosa maji hayakuficha, yaligonga mpaka tukaja. Kukosea utakosea tena, wewe bado mtoto, nami mzee bado nakosea. Lakini siku hiyo usikae kimya mpaka mtu mwingine avue kofia kwa ajili yako. Gonga, mjukuu wangu. Tutakuja."