Simu ya Kumlindia Mke

Akina mama wenzangu wa Isfara, na ninyi wanaume ambao mtasomewa haya na wake zenu, nipeni masikio. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Nina mabinti, na mwenye mabinti halali vizuri. Haya niliyaona kwa macho yangu, kwa jirani yangu wa ukuta mmoja.

Ulikuwa msimu wa aprikoti. Mapaa ya mtaa wetu yote yalikuwa mekundu kwa matunda yaliyoanikwa. Mohira, mke wa Dilovar, alikuwa juu ya paa lao na mama mkwe wake, Bibi Oyniso, wakipasua aprikoti na kutoa kokwa. Binti mdogo wa Mohira, Nozanin, alikuwa akila nyingi kuliko alizopasua. Upepo ulikuwa wa kupendeza, bibi anasimulia uongo wa ujana wake, mkwe anacheka. Mpita njia angesema, nyumba hii imebarikiwa.

Ndipo simu ikalia.

Niwaeleze habari za simu hiyo. Dilovar alikuwa Urusi kwenye kazi za ujenzi, kama waume wa nusu ya mtaa. Safari moja alipokuja likizo, alikuja na simu nzuri ya kadiri, si ya matajiri wala si ya kutupwa, akamwachia mkewe. Watu wakamsifu. Lakini aliiacha na masharti. Akaunti iliyomo ni yake Dilovar na isibadilishwe. Ramani isizimwe. Mohira akiwa nyumbani, simu ikae ndani ya mshipi wa Bibi Oyniso. Akitoka, hata kwenda kinuni, atoke nayo. Basi Dilovar huko Urusi akifungua simu mpya aliyojinunulia, anamwona mkewe kwenye ramani, kinukta kinatembea Isfara kama siafu.

"Mwanangu ana akili," Bibi Oyniso alikuwa akitutambia pale kwenye tanuri, maana nyumba zote za kichochoro chetu tunaoka mkate tanuri moja. "Wengine huacha mbwa mlangoni. Yeye kaacha simu."

"Mbwa angalau hulala, bibi," nikamjibu.

Miaka ikapita na simu ikazeeka, kama kila kitu. Kioo kikafanya nyufa. Chaja haishiki mpaka uikunje kwa kidole na kuiwekea tofali. Ukibonyeza kitu, unaweza kwenda kukanda unga ukarudi ndipo kifunguke. Na ramani yake ikaanza kuota ndoto. Mohira akiwa kinuni, simu inasema yuko ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya chai wanakolala madereva wa malori.

Siku ile juu ya paa, Bibi Oyniso aliipokea akaweka sauti ya kusikika na wote, nami nikiwa paani kwangu.

"Mohira, jana ulikuwa wapi?"

"Kinuni, baba Nozanin."

"Kinu gani hicho chenye madereva?"

"Sijakuelewa."

"Utanielewa. Ulikaa nyumba ya chai mchana kutwa. Ramani haina ugomvi na wewe, ikusingizie kwa nini?"

"Simu imechoka, inakosea. Muulize mama, unga si nilikuja nao?"

Bibi Oyniso hakuinua macho kutoka kwenye aprikoti zake. "Mimi niliona unga," alisema. "Sikumwona aliyeusaga."

Hivyo ndivyo mtu anavyochinjwa bila kisu. Kufikia kiangazi kuisha, maneno yalikuwa yamezunguka mtaa mzima. Kisha Dilovar akatangaza kwamba atakuja vuli na kumtolea talaka tatu mbele ya wazee, na baba yake Mohira awepo asikie kwa masikio yake. Kwetu, mwanamke akitoka kwa talaka ya aibu, hutoka na nguo zake tu. Mtoto hubaki kwa mama wa mume. Kwa hiyo msidhani Mohira alikuwa akimlilia mume. Alikuwa anaogopa Nozanin atalala na nani, atasukwa nywele na nani, ataambiwa nini juu ya mamaye.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyofanya kazi zake.

Simu iligoma kupiga picha, ikaandika kwamba nafasi imejaa. Bibi Oyniso alitaka kumtumia mwanawe picha za aprikoti zilizokauka, basi akampa Mohira simu pale kwenye tanuri afute picha za zamani, yeye mwenyewe akainama kubandika mikate. Mohira, hata alipotoka nayo, hakuwahi kuigusa simu ile ila kwa kuongea. Akabonyeza huku na huku akitafuta zinakotunzwa picha zote. Nikaona kidole chake kimesimama.

"Dada Sanavbar," akaniita taratibu, "hebu njoo uone."

Nikachungulia. Dilovar kavaa shati jeupe, yuko mezani sikukuu ya mwaka mpya, mwanamke mwenye nywele za rangi ya ngano kamwegemea bega. Mohira akasogeza. Mwanamke yule yule, tumbo mbele. Akasogeza. Dilovar kambeba mtoto mchanga, anamtazama kama hakuwahi kumtazama Nozanin. Akasogeza. Mtoto kakaa mwenyewe, ana jino moja.

"Zimetoka wapi hizi?" nikanong'ona.

"Kwake. Anapiga huko, zinaanguka huku. Akaunti ni moja, dada. Aliacha dirisha wazi anichungulie, akasahau kwamba aliye ndani naye anaona nje." Kisha akaigusa picha ya mwisho. "Tazama kichwani kwa mtoto."

Mtoto alivaa kofia ndogo nyeusi iliyodariziwa pilipili nyeupe, na ukingoni uzi mwekundu uliolalia kushoto. Katika kichochoro chetu ni mtu mmoja tu anayedarizi hivyo, kwa kuwa anashona kwa mkono wa kushoto. Na mtu huyo alikuwa hatua chache kutoka kwetu, kichwa ndani ya tanuri, anabandika mikate.

"Alikuwa anajua," Mohira akasema. "Nikirudi nyumbani ananipekua mifuko, kisha anakaa chini kumshonea huyu kofia."

"Mtupie usoni sasa hivi," nikamwambia.

"La. Nikimtupia leo, kesho simu itapasuliwa kwa jiwe na mimi nitaitwa mwongo juu ya umalaya. Acha aje. Mashahidi ameshawaita mwenyewe. Nitawatumia hao hao."

Akafuta picha za kuku na za mawingu, akampiga picha Bibi Oyniso na aprikoti zake, akairudisha simu kwa mikono miwili kwa adabu. Tangu siku hiyo alikuwa mtamu kama sharubati. "Ndiyo, baba Nozanin." "Samahani, mama." Mimi nilimwogopa. Mwanamke anayepiga kelele mpe maji atatulia. Anayenyamaza na kutabasamu, mwombee adui yake.

Vuli Dilovar akaja, na sanduku na peremende za kuwagawia watoto wa mtaa. Akawaita imamu, mzee wa mtaa Habibullo, na baba yake Mohira, ambaye alikaa karibu na mlango, kidevu kifuani, kama mtu aliyekuja kuchukua maiti. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, Bibi Oyniso akiwa katikati yetu. Dilovar akatoa simu yake mpya, akawaonyesha wazee ramani. Hapa siku fulani, hapa siku fulani, nyumba ya chai, nyumba ya chai, nyumba ya chai.

Mohira akaingia na birika la chai ya kijani na mkate. Akaweka vyote mbele ya mumewe, na simu kuukuu, aliyorudi nayo kutoka kinuni na mama mkwe hajaidai bado, kando yake.

"Nina swali moja kabla hujatamka," akasema. "Simu hii ni ya nani?"

"Yangu. Hata vumbi lililo ndani ya nyufa zake ni langu."

"Na mimi sikuweza kutia kitu humo?"

"Wewe? Neno la siri la akaunti lenyewe hulijui."

"Apa basi, wazee wajue ramani ni ya kweli."

Kwetu mkate hauchezewi. Ukianguka tunauokota na kuubusu. Anayeapa kwa mkate kwa uongo, hatukai naye mezani tena. Dilovar akacheka, akaweka kiganja juu ya mkate. "Naapa kwa mkate huu, kila kilichomo ndani ya simu hiyo ni changu, na ni kweli."

Mohira akaifungua simu, akampa mzee Habibullo. Mzee akatafuta miwani yake, akaivaa, akatazama.

"Maashallah, mtoto ana afya. Wa nani huyu?"

Dilovar akanyoosha shingo. Rangi ikamtoka. "Wa rafiki yangu. Wa kazini."

Mzee akasogeza picha. Akasogeza nyingine. "Na mke wa rafiki yako, naye mnambusu kwa zamu?"

Baba yake Mohira akainua kidevu.

"Simu imechezewa," Dilovar akasema. "Wazee wangu, mambo haya siku hizi yanatengenezwa."

"Mkate bado uko mbele yako, mwanangu," imamu akasema. "Na umeapa kweli. Kila kilichomo ni chako." Akaichukua simu, akaisogeza karibu na macho. "Kofia hii imedariziwa kwetu. Imefikaje Urusi?"

Mohira akageukia pazia. "Mama, njoo uwaambie wazee ni mkono wa nani. Au niwaletee ile uliyomshonea Nozanin, wazilinganishe?"

Bibi Oyniso alinyoosha mkono avutwe ainuke. Hakuna aliyempa mkono. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, na mkono wangu niliukalia.

Dilovar akanong'ona, "Mohira, inatosha."

"Bado. Anaitwa Larisa. Namba yake imo humu humu, maana namba zako zote zimo. Nilimpigia nikiwa kinuni, ulipokuwa njiani kuja kuniacha. Kumbe ulimwambia mkeo alikufa akijifungua. Nikamwambia kwa Kirusi changu cha sokoni, pole mama, mimi ndiye marehemu. Nikamgeuzia simu amwone Nozanin naye. Alilia sana, mwanamke wa watu, kisha akasema atabadilisha kufuli. Kwa hiyo usihangaike na tiketi ya kurudi."

Nyuma ya pazia tuliuma ncha za mitandio yetu tusicheke.

Talaka haikutamkwa siku ile. Mzee Habibullo aliamua kwamba Mohira na mwanawe hawaondoki ndani ya nyumba ile, na mwenye kutaka kutoka atoke yeye. Dilovar akahamishiwa chumba cha majani ya ng'ombe. Msikitini watu walimwachia nafasi pande zote mbili, kama mwenye upele. Bibi Oyniso, aliyekuwa akipekua mifuko, sasa alikula wa mwisho na kuomba chumvi kwa sauti ndogo.

Mnauliza kama niliwahurumia. Sikuwahurumia. Hata leo siwahurumii.

Mohira naye hakuishia hapo. Alichukua simu mpya ya mumewe, akamwekea ramani isiyozimwa, akamrudishia. Dilovar akawa mpagazi wa magunia pale kinuni, na tulikuwa tukimsikia Mohira paani akimpigia.

"Baba Nozanin, umesimama nini hapo darajani?"

"Napumzika. Gunia zito."

"Pumzika ukitembea. Ramani haina ugomvi na wewe."

Paa zima lilikuwa linacheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Ilikuwa tamu kama kokwa changa za aprikoti, mpaka siku moja Nozanin alipokuja kwangu kucheza na binti yangu mdogo. Nilimwandalia shurbo, supu yetu ya nyama. Akakataa kuketi.

"Kula, mwanangu, mama hatakugombeza."

"Siwezi, shangazi. Hapa ramani hukosea, itaonyesha niko nyumba ya nyuma, mama ataniuliza."

Nikaona shingoni kwake kamba, na kwenye kamba mfuko wa kitambaa, na ndani ya mfuko simu ile kuukuu yenye nyufa. Nikatoka hadi kwa Mohira. Alikuwa amekaa juu ya paa kati ya matunda, hapasui, macho kwenye kioo cha simu yake mwenyewe, aliyojinunulia.

"Mohira, mtoto naye?"

"Kwa usalama wake, dada," akasema bila kunitazama. "Wewe hujui watu walivyo."

Simu ikamlilia mkononi, akaipokea. Nikamsikia anasema, "Nozanin, mbona umesimama?"

MAFUNZO

Mama mwenye binti, simu iliyofunguliwa kwa akaunti ya mtu mwingine si ya binti yako, hata kama anaichaji yeye. Mwambie afungue yake mwenyewe, kwa neno lake mwenyewe la siri, kabla hajaiwekea hata picha ya paka. Na ramani ikizeeka hukosea. Usimchinje mtu kwa ushahidi wa kinukta.

Ninyi wanaume mlioko mbali, mkiacha jicho nyumbani, jueni jicho halina upande. Ninyi mama wakwe, mnaoshona kofia za siri, mkono wenu unajulikana.

Kisasi cha haki ni haki yako, dada, kichukue, nami nitakushikia mtandio. Lakini ukishamaliza, zima. Asiyezima atamlinda hata yule aliyempigania, mpaka mtoto ashindwe kula chakula cha jirani.

Mwezi uliopita walikuja kumposa binti yangu mkubwa. Kwenye sinia, kati ya peremende na kitambaa cha atlasi, walileta simu iliyokwisha kufunguliwa kwa jina la bwana harusi. Nikapokea peremende, nikapokea kitambaa, simu nikaiacha kwenye sinia.

"Ni zawadi, mama," wakaniambia.

Nikawajibu kwamba zawadi huja imefungwa, anayepewa ndiye huifungua. Wameondoka wamenuna, na mpaka sasa hawajarudi. Wasirudi.