Bangili Ndani ya Kinanda

Mtaa wa maduka ya umeme ulikuwa umefurika watu, na kwenye mlango wa duka moja mwanamume alikuwa amesimama kaziba njia. Alikuwa anabonyeza kinanda cha maonyesho, kibonyezo kilekile kimoja, sikio kalibandika kwenye spika.

"Kaka, hicho kinanda kimekukosea nini?" mwanamke akauliza nyuma yake. "Kisamehe basi, wengine tupite."

Akageuka. Mwanamke alikuwa fundi cherehani, kaja kutafuta mkanda wa mashine. Gauni lake la zambarau kalishona mwenyewe, na lilimkaa sawasawa, pasipo mahali pa kuongeza wala kupunguza.

"Kinadanganya," mwanamume akasema. "Kinajiita piano. Sikia. Nikibonyeza kwa nguvu, nikibonyeza taratibu, ni sauti ileile, imepunguzwa tu. Piano ya mbao ukiigusa taratibu inalainika."

"Na wewe ukiguswa taratibu?"

Wakacheka. Walipoachana kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Watu walimwita Kinanda, kwa sababu alipiga muziki kwenye kumbi za sherehe. Wazazi wake walishafariki. Fundi alimwita Kidole.

"Kidole changu, umekula?"

"Sijala. Nakusubiri unilishe."

"Nikulishe nini, uzi?"

Mapenzi yakakolea. Siku moja Fundi akamuuliza kama amewahi kuposa. "Mimi? Sijawahi kumposa mtu yeyote," akajibu upesi. Ulikuwa uongo, na hakukuwa na haja yoyote ya kuusema.

Dada mkubwa wa Fundi ndiye aliyemlea, na hakuwa mtu wa kubembelezwa. "Mpiga muziki wa sherehe leo ana kazi, kesho hana. Aje na mkataba ndipo tuongee posa."

Nafasi ya mkataba ilikuwapo. Meneja wa hoteli moja alitaka mtu wa kupiga piano ukumbini, lakini alipomsikiliza Kinanda alikunja uso. "Vidole vizuri. Sauti ya bati. Rudi ukiwa na sauti ya piano."

Baada ya hapo simu ya Kinanda ikaanza kuzimwa kila mchana.

"Ulikuwa wapi?"

"Kazini, mpenzi."

"Kazi gani ya kuzima simu?"

"Narekodi. Simu ikiwa hewani inanguruma kwenye nyaya."

Dada mtu alipoambiwa hayo alicheka kwa pua. "Simu inayozimika saa zilezile kila siku inazimwa na mtu, mdogo wangu. Betri haina saa."

Jumapili Kinanda akamvalisha Fundi hedifoni chumbani kwake. Alikuwa anang'aa kama mtoto. "Bonyeza. Kila kibonyezo nimekirekodi mara tatu kutoka kwenye piano ya kweli: taratibu, kwa wastani, kwa nguvu. Halafu nasubiri mpaka sauti ife yenyewe. Siikati."

Fundi akabonyeza. Sauti ilikuwa nene, ya mbao, mpaka kifua kikamtetemeka. Lakini yeye ni mtu anayejua sindano imepinda kwa kuisikia tu. Akabonyeza kimoja tena, taratibu, akasubiri sauti ife. Mwishoni kabisa, nyuma ya piano, kulikuwa na mlio mdogo. Chwi, chwi. Bangili.

"Kidole, hii bangili ya nani?"

"Bangili gani? Hiyo ni pedali ya piano, ya kukanyaga."

"Pedali inavaliwa mkononi?"

Akacheka, lakini kicheko kilichelewa kutoka. Fundi akavua hedifoni, akachukua mkoba wake.

Kesho yake alifunga cherehani mapema akamfuata. Kinanda alishuka mtaa wa nyumba za zamani, kabeba kompyuta na maikrofoni, akaingia kwenye nyumba ya geti la kijani. Fundi akasimama nje, joto limempanda. Ikatoka sauti moja ya piano. Kisha kimya kirefu. Sauti nyingine. Kimya. Zile sauti alizivumilia, kimya ndicho kilichomshinda. Akaingia getini, akaugonga mlango kwa ngumi mara tatu.

"Nani huyo?" mwanamke akafoka ndani. "Sauti ilikuwa haijafa!"

Mlango ukafunguka. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye kitambaa cheupe kichwani, mikono yote miwili bangili mpaka karibu na kiwiko.

"Wewe ndiye Fundi?" mama akauliza. "Ingia umchukue mtu wako. Nimechoka kumlinda."

"Unamlinda na nini, mama?"

"Huyu alimposa binti yangu, akaghairi watu wameshaalikwa. Leo binti yangu ana mume na watoto, mbali huko. Yeye anarudi kuniomba piano! Nikamwambia haya, rekodi, lakini nakaa hapohapo nyuma yako. Asivunje kitu tena ndani ya nyumba hii."

Kinanda alikuwa kaganda kwenye kiti cha piano, mkono bado juu ya vibonyezo.

"Uliniambia hujawahi kuposa."

"Niliogopa ungedhani na wewe nitakuacha."

"Sasa ndiyo nadhani."

Akaondoka. Safari hii simu iliyozimwa ilikuwa yake.

Kinanda akatuma ujumbe mmoja tu: siku na saa ya kujaribiwa hotelini. Hakubembeleza.

Fundi alikwenda. Alijiambia anakwenda kuangalia kitambaa cha mapazia. Alivaa lile gauni la zambarau, akakaa nyuma karibu na mlango, tayari kuondoka. Kinanda akapiga wimbo wa taratibu kwa zile sauti alizorekodi. Katikati, bangili ikalia kwa mbali. Mwishoni akabonyeza kibonyezo kimoja kizito cha chini, akaiacha sauti ife. Chini yake kabisa vikasikika vishindo vitatu vya ngumi mlangoni.

Fundi akazijua, zilikuwa ngumi zake mwenyewe.

"Sasa hiyo ndiyo piano," meneja akasema, amefumba macho. "Hata mbao nazisikia zinagonga. Njoo kesho tusaini."

Kinanda akamwendea Fundi. "Yule mama alinikubalia nirudie kukirekodi kile kibonyezo. Nilikataa."

"Kwa nini?"

"Ulipogonga ndipo nilipoacha kukudanganya. Nataka nikisikie kila siku kazini. Nije kwa dada yako?"

Fundi alimtazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kutia mkasi.

"Njoo. Lakini hutakuja peke yako."

"Nije na nani? Wazazi sina."

"Na mama wa bangili. Akae nyuma yako, hapohapo."

"Hatakubali yule!"

"Nilipitia kwake jana," Fundi akasema. "Ameuliza tu avae kitambaa cha rangi gani."