Kashfa Iliyoanza kwa Salamu

"Taratibu! Kichwa hicho ndicho ninachoendea mahakamani," wakili alilalamika.

"Samahani, dada. Mikono imesahau kazi."

Ilikuwa na haki ya kusahau. Tangu akaunti isiyo na jina ianze kumchafua mtandaoni, msusi alibaki na viti vitupu na kioo. Kila asubuhi alikisalimia kioo, nacho, kwa adabu zote, kilimwitikia. Wakili ndiye mteja pekee aliyesalia.

"Nisomee tena."

Msusi akasoma kwenye simu:

"Natumai hamjambo na mu wazima wa afya. Dhumuni la ujumbe huu ni kuwajulisha kuwa msusi wa pale kona huokota nywele zilizofagiliwa na kuwasukia wengine. Tena waume za watu hawapiti salama. Sina la ziada. Wasalamu."

"Mzushi mwenye adabu zake!" Wakili akacheka, kisha akakaza sauti. "Usimjibu. Hifadhi picha za skrini, pamoja na tarehe na anwani ya ukurasa. Tutaitaka kampuni ya mtandao ifute. Ikigoma kumtaja mwenye akaunti, tutaomba amri ya mahakama. Akijulikana, aombe radhi palepale alipokuchafulia, la sivyo tunadai fidia."

"Kumbe anaweza kujulikana?"

"Amejifunika shuka, miguu iko nje."

Simu ya msusi ikaita. Alikuwa Mpole, mchumba wake, fundi simu asiyependa makelele. Hata chafya aliipiga kama anaomba ruhusa.

"Mpenzi, kweli unashtaki?"

"Kweli."

"Achana nayo. Watu watasahau."

"Na tumbo langu nalo lisahau?"

"Nakuomba. Yule ni mtu mzima, umpeleke mahakamani?"

Kitana kikamponyoka msusi.

"Nani kakwambia ni mtu mzima?"

Simu ikakatwa.

Msusi akafungua ujumbe wa zamani kutoka kwa mama mkwe mtarajiwa: "Natumai hujambo mwanangu na u mzima wa afya. Dhumuni la ujumbe huu ni kuuliza kama umeuona mwavuli wangu. Sina la ziada. Wasalamu."

Wakili alisoma, hakucheka.

Barua ya madai ilipomfikia, mama hakubisha. Ukurasa uleule ukaandika: "Natumai hamjambo. Mimi, mama yake fundi simu, nilisema uongo kwa kuwa sikutaka mwanangu aoe msusi. Naomba radhi. Wasalamu."

Mpole akaja saluni, kofia mkononi.

"Mama ameomba radhi, nawe umemsamehe. Basi tupange harusi."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile salamu ya kwanza."

"Na nilipolia kifuani kwako, ukanifuta machozi?"

"Nilijua. Ni mama yangu... ningesema nini?"

"Aliyesema, sheria ina dawa yake. Nimemuuliza wakili kuhusu aliyenyamaza. Hakuna kifungu."

"Basi?"

"Basi hukumu natoa mwenyewe."

Akamwekea pete ya uchumba kiganjani. Mpole akavaa kofia, akatoka. Hata mlango aliurudisha polepole usilie.

Kesho yake wateja walipanga foleni hadi barabarani, wakisukumana na kuitana "shoga". Msusi alifungua mlango, na kabla ya kumkaribisha yeyote, akakigeukia kioo.

"Hujambo?"

"Sijambo," akajijibu, akatandika taulo kwenye kiti.