Antena Isiyoshuka

Antena ilikuwa imesimama wima juu ya gari, na ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwa Volti.

Volti, fundi umeme wa magari, alikuwa na tumbo linalofika kazini kabla yake na mdomo usiojua foleni. Tangu mkewe afariki, mizaha iliendelea kumtoka, lakini kama maji ya bomba lililopasuka. Gari lilikuwa la marehemu: kuukuu, na nyuma lina antena ya mota, ile inayopanda yenyewe ukiwasha redio na kujishusha ukiizima. Redio ya zamani ilipokufa, Volti alinunua mpya, akaifunga huku machozi yakimchuruzikia kwenye masharubu. Antena huungwa na waya wa buluu, unaopata umeme redio ikiwaka tu. Waya wenyewe ulikuwa mfupi, naye hakuwa na moyo wa kuurefusha. Akaiunga na ule wa njano, unaotoka moja kwa moja kwenye betri, usiolala usiku wala mchana. Kosa ambalo mwenzake angelifanya, angemcheka mwaka mzima.

"Nitarekebisha kesho," alisema. Na kesho ya fundi mnaijua.

Siku ya tatu, saa kumi alasiri, alimkuta bintiye wa miaka tisa ndani ya gari, redio imezimwa, sikio kaliegemeza kwenye spika ya mlangoni.

"We mtoto, unafanya nini humu?"

"Shh, baba. Mama anaongea."

"Na redio imezimwa? Hilo nakubali. Mama yako hakuwahi kuhitaji umeme ili aongee."

Alicheka peke yake. Kisha pua ikakamata harufu ya mafuta ya nywele ya mkewe, na chini yake harufu ya waya unaoungua. Spika ikakohoa.

"Funga mkanda, mwanangu," ikasema. "Na wewe usikimbize gari. Una haraka ya kwenda kumwona nani?"

Ni yeye. Hata ule utani wa wivu ulikuwa wake.

Mtu mwenye akili angekimbia. Volti aliingia, akafunga mlango. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, baba na mwana wamekaa kimya kama abiria wa safari isiyoanza, mpaka mtoto akaacha kula, akaacha shule, akakonda akabaki macho. Na baba aliyaona yote hayo, akajiambia leo tu, kidogo tu, kwani nani ana moyo wa kuizima sauti ya mkewe?

Fundi mpaka rangi wa gereji yao ndiye aliyemshika mkono. Mzee huyo, barakoa shingoni, huitwa pia kutoa majini. Mwenyewe husema kazi zote mbili ni kukwangua kilichoganda.

"Volti, umeacha mlango wazi," alinong'ona akiitazama antena isiyolala. "Kilichoingia kimeyakuta maneno ya mkeo humo kwenye viti, kimeyavaa. Na sasa kinamla mtoto."

"Si yeye?"

"Muulize neno alilokuambia nje ya gari."

Volti akainamia spika. "Mke wangu... ile asubuhi ya mwisho, kitandani, uliniambia nini?"

Mkwaruzo. "Funga mkanda," ikasema sauti. Kisha, kama mtu anayepapasa ukuta gizani: "Tutachelewa... usikimbize... funga mkanda..."

"Umesikia? Kata!" mzee akasema.

"Baba, usimkate!" Mtoto alimrukia shingoni. "Utamuua tena!"

Volti alishika koleo, mzee akaanza dua, na antena ikashuka nusu huku mota ikilia, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, vioo vikaingia ukungu kwa ndani, mtoto akapiga kelele zilizokauka katikati, akalegea macho yamefumba, na ile sauti, ilipoishiwa na maneno, ikaanza kulia, na kilio kile Volti alikijua, kilikuwa cha siku waliyotoka kuchukua majibu ya vipimo, wakakaa humo humo saa nzima wameshikana mikono bila kuwasha gari, na koleo likawa zito mkononi kama injini.

Akaukata ule wa njano.

Antena ikashuka yote. Harufu ikaondoka. Mtoto akafumbua macho, akaomba chakula, akamaliza sahani mbili.

"Jini limekwenda," mzee alisema. "Likirudi, usiliitikie. Nipigie mimi, mara moja."

Kesho yake mchana, mtoto alisinzia kwenye kochi. Volti alikuwa akimfunika shuka wakati midomo midogo ya mtoto ilipofunguka, ikacheka taratibu kicheko cha mwanamke mtu mzima.

"Leo umerudi mapema," midomo ikasema, kama mkewe alivyozoea kumpokea pale sebuleni.

Volti akatoa simu, akalitafuta jina la mpaka rangi, kidole kikasimama juu yake. Kwa mkono wa pili alimshika mtoto kiganja. Kilikuwa baridi, na kilizidi kupoa. Alikihisi. Alijua maana yake.

Akaiweka simu sakafuni, akavuta kigoda, akakaa.

"Sema tu, mke wangu," alinong'ona. "Kidogo tu. Nakusikia."