Shokapu za Marehemu Dastan

Gari lilipopanda tuta la kwanza pale Ruhuwiko, Natalia alirushwa kwenye kiti kama aliyepanda trekta. Tuta la pili alilipita polepole. Hali ilikuwa ile ile. Akaegesha kando, akalia kidogo, kisha akampigia simu Inspekta Judica.

"Marehemu mume wangu aliliagiza gari hili kwa sababu ya barabara zetu," alieleza Judica alipofika. "Lilikuwa linaelea. Kila Jumapili naenda nalo Peramiho, kaburini kwake. Njia nzima naona kama Dastan ndiye anayeendesha. Leo limekuwa gari tu. Kuna mtu amelichezea."

Judica aliinama kwenye gurudumu. Shokapu, zile zinazomeza mitikisiko ya barabara, zilikuwa zimelowa oili, na boliti zake zilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana.

"Wiki iliyopita lilikuwa wapi?"

"Nilikwenda msibani Namasakata. Nililiacha gereji kwa Otto abadilishe oili ya injini. Shemeji yangu Osmund akalichukua huko, akalirudisha nyumbani."

Kule gereji, Otto alifuta mikono yake mara mbili kabla ya kujibu. "Afande, shokapu sikuzigusa."

"Nieleze zinavyofanya kazi."

"Kila gurudumu lina kihisi. Likiingia shimoni, kompyuta inapata habari, inatuma umeme kwenye vali iliyo ndani ya shokapu. Vali ikifunguka, oili inapita kwa urahisi na gari linakuwa laini. Kwenye kona vali inabana, gari linakuwa gumu ili lisilale. Yote hayo kabla hujapepesa jicho."

"Na mtu akifunga za kawaida?"

"Hazina waya. Taa ya hitilafu itawaka kwenye dashibodi."

Judica aliwasha gari. Taa haikuwaka. Basi zilizofungwa zilikuwa za aina ile ile, zenye waya na umeme mzima, ila zimechoka na kuvuja. Mwizi alikuwa na gari kama hili.

"Kuna jingine kama hili hapa Songea?"

Natalia ndiye aliyejibu. "Dastan aliagiza mawili. La pili ni la mdogo wake, Osmund."

Walimkuta Osmund nyumbani kwake Bombambili. Mkewe Benigna alikuwa amelala mkekani barazani, mto chini ya mgongo ambao ulikuwa ukimsumbua tangu alipopata ajali.

"Shokapu za shemeji yako ziko kwenye gari lako," Judica alisema.

Osmund hakubisha. "Mama mkwe wangu yuko mahututi kijijini. Benigna alikuwa anamlilia kila siku, na ile barabara ya mashimo ingemuua kwa maumivu ya mgongo. Zangu zilishakufa."

"Ungeniomba, shemeji," Natalia alisema.

"Nilikuja kukuomba. Nikakukuta umekaa ndani ya gari, uani, umefumba macho, umeshika kiti cha Dastan. Nikashindwa, nikarudi."

Judica alimgeukia Natalia. "Wewe ndiye mlalamikaji. Niendelee?"

Natalia alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka. "Ulifika kwa mama, dada?"

"Nilifika. Mama alinijua. Anauliza nitarudi lini."

Natalia alimfunika miguu kwa kanga, akainuka.

"Hapana, afande, usiendelee," alisema. Kisha akamwambia Osmund, bila kumtazama, "Shokapu zibaki kwenu. Jumapili mkienda kwa mama, mnipitie. Nitakaa nyuma."