Bomba la Dobi Halivuji

Duka la vifaa vya ujenzi lilijaa hadi mlangoni, kila mtu akipaza sauti kuagiza misumari, rangi au kufuli. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa likanyooka, na suruali iliyolowa hadi magotini. Mkononi alishika tepu nyeusi.

"Unaenda kufunga nini na hiyo?" sauti ya kike iliuliza nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamke alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka na kilemba cha manjano, spana ikichungulia mfukoni.

"Bomba, dada. Linavuja kwenye kiungo."

"Hiyo ni tepu ya umeme, kaka. Funga hiyo, leo utaogelea."

"Kumbe tepu nazo huchagua kazi?"

"Tena zina maringo! Ya umeme haitaki hata kusikia habari za maji."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka, na yule bwana naye akacheka. Hapo ndipo mambo yalipoanza, ingawa mwenyewe angekuapia kwamba siku hiyo alikuwa anawaza bomba tu.

Alikuwa dobi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja mtaa wa pili, chenye meza ndefu ya pasi, makarai mawili na nguo za watu zilizoning'inia kila upande. Mwanamke alikuwa fundi bomba. Alikwenda naye, akafunga maji, akafungua kiungo na kusugua meno ya kiungo hicho, ile mistari ya kukazia, kwa brashi ya waya mpaka yakang'aa. Kisha akatoa tepu nyeupe, nyembamba.

"Tazama. Unaizungusha kuelekea upande ambao kiungo kitakazwa, unaivuta ili ikae ndani ya meno. Ukiizungusha kinyume, ukianza kukaza inajikunja na kutoka nje. Na ukishakaza, usirudishe nyuma hata kidogo. Ukirudisha, umeharibu, anza upya."

Dobi alikuwa anatazama mikono ya fundi, si tepu. Huo ulikuwa ujinga wake wa kwanza.

Maji yalifunguliwa. Kiungo kikabaki kikavu. Dobi akachemsha chai, na fundi akainywa akiwa ameketi juu ya karai lililofunikwa.

"Kazi yako nzuri, fundi wangu."

"Wewe umeiona. Wengine nikishatoka tu, wanamwita mwanamume aje akague. Nakuja kusikia baadaye, eti fulani alipitia kazi yangu." Alicheka, lakini si kwa furaha. "Wewe usije ukanifanyia hivyo, Bwana Pasi."

"Mimi? Afadhali duka hili lifurike."

Fundi aliondoka na maneno hayo moyoni. Kilichobaki cha ile tepu alimwachia dobi, akiweke kwenye rafu.

Sasa niwaambie hawa watu wawili walikuwa wapweke kiasi gani. Dobi aliujua mtaa mzima kwa nguo zake. Alijua nani amenenepa, nani ameacha kuvaa sare za kazi, nani amerudisha gauni la harusi ambayo haikufanyika. Wao walimjua kwa swali moja, "Zimekuwa tayari?" wakachukua vifurushi vyao na kwenda zao. Mashuka aliyakunja peke yake, pembe mbili ameziminya kwa kidevu, pembe mbili mikononi, na mara nyingi shuka lilimponyoka likaanguka akaanza tena.

Fundi naye, simu yake ililia pale tu kitu kilipovuja. Akitengeneza vizuri anasahauliwa, ndiyo malipo ya kazi nzuri. Aliyajua majiko na mabafu ya watu wengi, lakini hakuna meza hata moja alipoulizwa kama amelala salama. Jioni alinawa grisi, akala kwa kusimama, akalala.

Kwa hiyo simu za dobi zilimfurahisha kuliko alivyoonyesha.

"Bomba linaendeleaje, Bwana Pasi?"

"Halivuji."

"Una uhakika? Usije ukanidanganya kwa kunionea huruma."

"Kavu kabisa, fundi wangu. Linakusalimia."

"Nami nalisalimia. Liambie lisikusumbue."

Waliongea hivyo, wakicheka, wakizunguka lile neno wasiliguse. Halafu fundi akapata kazi kwenye jengo jipya upande wa pili wa mji. Simu zikapungua. Kila "halivuji" ikawa inamuuma dobi kidogo, maana bomba zima halihitaji fundi. Alimkumbuka, akamtamani, akaogopa kusema "njoo." Je, akiuliza, "Nije kufanya nini?"

Wanaume wana ujinga wa namna nyingi. Huyu alifunga maji, akatafuta koleo, akakifungua kiungo chake kizima kwa mikono yake mwenyewe. Alizungusha ile tepu iliyobaki, akakaza. Alipoyafungua maji, kiungo kikaanza kudondosha, naye akapiga simu akiwa na furaha ya mtoto.

"Linavuja!"

"Halafu unacheka? Nakuja."

Alikuja na kilemba kipya cha kijani, dobi akakiona. Akafunga maji, akakiinamia kiungo, akakifungua. Shaba ilikuwa imekwaruzwa na meno ya koleo. Tepu ilikuwa imezungushwa kinyume, imejikunja.

"Nani amekifungua hiki?"

Dobi angesemaje? Kwamba mtu mzima anaharibu bomba lake ili apigiwe hodi?

"Kuna fundi mmoja alipita," alisema. "Nikamwambia akitazame tu."

"Mwanamume?"

"Ndiyo... mwanamume."

Fundi aliifuta spana taratibu, akairudisha mfukoni. "Basi mwite yeye amalizie."

"Fundi wangu, ngoja..."

"Usiniite wako."

Dobi alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga tena na tena. Siku moja ikapokelewa.

"Linavuja?" sauti ilikuwa kavu.

"Hapana. Yaani, ndiyo. Nilitaka tu..."

"Una fundi wako." Ikakatika.

Hakumwita mtu mwingine. Alikiacha kiungo wazi vilevile, akawa anateka maji kwa ndoo kutoka uani kwa jirani, mabega yakimuuma, akifua nguo za watu waliokuwa na watu wao. Shati lake mwenyewe aliacha kulipiga pasi. Alikuwa anajionea haya, na haya hiyo ilimfunga mdomo kuliko hasira ya yeyote.

Upande wa pili wa mji, fundi alikuwa akizungumza kwa simu na mjomba wake, aliyemfundisha kazi. Alimweleza habari ya ile tepu, akijifanya ni mambo ya kazi tu.

Mjomba alicheka. "Fundi gani huyo, mjomba? Hata aliyekaa nasi mafundi asubuhi moja tu hawezi kuzungusha hivyo. Labda awe anatumia mkono wa kushoto, na hakuna aliyemfundisha."

Akilini fundi aliiona pasi ya dobi ikipita juu ya meza, siku zote katika mkono wa kushoto.

Alirudi dukani, akamkuta dobi akihangaika na shuka, pembe mbili chini ya kidevu. Shuka likaanguka. Fundi alitazama kiungo kilichoachwa wazi, akatazama ndoo. Akatoa mkobani kipande cha bomba na tepu.

"Zungusha."

Dobi alipokea tepu kwa mkono wa kushoto. Akazungusha. Kinyume.

"Fundi mwenyewe ndiye huyu," mwanamke alisema, macho yamejaa machozi. "Kwa nini?"

"Sikuwa na kitu kingine kibovu cha kukuitia."

"Ungesema njoo!"

"Niliogopa."

"Ukaona bora unichome palepale nilipokuonyesha panauma?"

"Nilikosa. Aibu ilinisemesha uongo. Nisamehe, mpenzi."

Neno lilikuwa limetoka. Fundi alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akainama, akasugua meno, akazungusha tepu mpya, akafunga kwa mkono. Alipoweka spana alisita.

"Nikikikaza hiki hakitavuja tena. Hutakuwa na sababu ya kunipigia."

"Kaza."

"Umefikiri vizuri?"

"Kaza kabisa. Halafu kesho njoo bila sababu."

Alikaza, akafungua maji, akaondoka bila kujibu. Usiku ule dobi hakujua kama amempata au amemkosa.

Kesho yake alikuja. Alivaa gauni la maua ambalo dobi hakuwahi kuliona, na mikono yake ilikuwa mitupu.

"Umesahau mkoba wako."

"Sikuusahau." Alisimama mlangoni, hajui aiweke wapi mikono. "Sasa nifanye nini hapa?"

Dobi alichukua shuka, akampa pembe mbili. Wakarudi nyuma mpaka likanyooka, wakasogeleana, vidole vikagusana. Walikunja la kwanza, wakakunja la pili, na yote yaliyobaki. Walipomaliza la mwisho, fundi alilikunjua, akamrudishia pembe zake, wakaanza upya.